Mervyn Cowie: Mhasibu aliyeiwahi nyika ya Nairobi kabla mji haujaimeza

Mtu aliyeipatia Kenya mbuga yake ya kwanza ya kitaifa hakuwa mwanasayansi, wala hakuwa mwindaji aliyetubu. Alikuwa mhasibu. Mervyn Hugh Cowie, aliyeaga dunia Julai 1996 akiwa na umri wa miaka 87, alisomea kazi ya kukagua vitabu vya hesabu, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza akipigania nyika, nyasi na simba.

Kwa wakazi wengi wa Kisii na Nyamira, jina hilo huenda likawa geni. Kaunti hizo mbili hazina mbuga ya kitaifa hata moja. Anayetaka kuwaona wanyama wakubwa wa porini hulazimika kuvuka mpaka hadi Narok, au kuteremka hadi bonde la Lambwe katika Kaunti ya Homa Bay, iliko mbuga ya Ruma. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010 imeziachia serikali za kaunti jukumu la bustani na mbuga za kaunti, pamoja na jukumu la kupanga matumizi ya ardhi. Kwa hivyo maswali yaliyomkabili Cowie zaidi ya miaka 80 iliyopita sasa yamo mezani mwa magavana na madiwani wa Gusii: ni ardhi gani itengwe, itengwe lini, kwa idhini ya nani, na ikishatengwa itunzwe vipi.

Swali la wakati Cowie alilijibu vyema kuliko wengi wa rika lake. Swali la idhini alilijibu vibaya, na ilichukua miaka mingi kabla Kenya haijaanza kulirekebisha kosa hilo. Ndiyo maana maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa pande zote mbili.

MZALIWA WA NAIROBI

Cowie alizaliwa Nairobi Aprili 13, 1909, katika familia ya walowezi Wazungu. Mji huo ulikuwa na umri wa miaka kumi tu tangu reli ilipoufikia mwaka 1899. Kule Gusii, ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi michache tangu Otenyo amchome mkuki ofisa wa kikoloni Geoffrey Northcote, tukio lililofuatwa na kisasi kikali cha majeshi ya Waingereza. Nchi ilikuwa bado inanyakuliwa, na mipaka ya wilaya, mashamba ya walowezi na maeneo ya Waafrika ilikuwa ikichorwa upya mwaka baada ya mwaka.

Katika utoto wake, wanyama wa porini hawakuwa kitu cha kusafiria. Pundamilia, nyumbu, kongoni na swala walijaa katika uwanda wa Athi hadi ukingoni mwa mji, na simba waliwafuata. Wasafiri wa reli waliwatazama kupitia madirisha ya mabehewa.

Alipelekwa Uingereza kusoma, akaishia katika Chuo cha Brasenose cha Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akahitimu kuwa mhasibu. Aliporejea Kenya mwaka 1932 alikuta uwanda aliouacha umebadilika. Makundi ya wanyama yalikuwa yamepungua sana. Mashamba ya walowezi yalikuwa yamepanuka, nyaya za ua zilikuwa zimeongezeka, na bunduki ilikuwa mkononi mwa kila aliyeona pundamilia akila nyasi za ng'ombe wake.

Eneo la kusini mwa Nairobi lilikuwa limetangazwa hifadhi ya wanyama tangu mwanzoni mwa utawala wa kikoloni. Lakini hifadhi ya aina hiyo ilikuwa na ulinzi wa jina tu. Sheria ilikataza uwindaji, ila haikuzuia ardhi yenyewe kutumiwa kwa shughuli nyingine, na serikali ingeweza kuifuta wakati wowote kwa tangazo. Cowie, kwa jicho la mhasibu, aliona kwamba mali isiyoandikwa kwa jina la mtu yeyote ndiyo huwa ya kwanza kuliwa.

BARUA YA MTU ASIYEKUWAPO

Wakati huo wazo la mbuga ya kitaifa halikuwa jipya duniani. Marekani ilikuwa imeitenga Yellowstone tangu 1872. Wabelgiji walikuwa wameanzisha mbuga ya Albert mashariki mwa Kongo mwaka 1925, na Afrika Kusini ikafuata na Kruger mwaka 1926. Mwaka 1933 mataifa yenye makoloni yalikutana London na kutia sahihi mkataba wa kulinda wanyama na mimea ya Afrika, uliohimiza mbuga kama hizo zianzishwe. Nchini Kenya, hata hivyo, serikali ilisitasita. Walowezi walitaka ardhi, na wanyama hawakuwa na kura.

Cowie aliandika, akahutubia, akabisha hodi katika ofisi za wakubwa, lakini hakupata sikio. Ndipo, mwishoni mwa miaka ya 1930, alipotumia hila iliyobaki katika historia ya uhifadhi Afrika Mashariki. Aliandika barua katika gazeti la East African Standard akijifanya mlowezi mkongwe, bila kutaja jina lake halisi. Katika barua hiyo alipendekeza kwamba wanyama wote wa porini wamalizwe kwa risasi, kwa kuwa wanaharibu mazao, wanaeneza magonjwa na wanazuia maendeleo.

Shabaha yake ilikuwa kuwaudhi watu, na waliudhika kweli. Wasomaji walijibu kwa hasira, mikutano ikaitishwa, na suala ambalo halikuwa na mwenyewe likawa gumzo la mji. Cowie alikuwa tayari na wazo lake la mbuga ya kitaifa, na sasa alikuwa na umma wa kulisikiliza. Mwaka 1939 serikali iliunda kamati ya kuchunguza sera ya wanyamapori.

Uungwana wa hila hiyo unaweza kujadiliwa. Lisilojadilika ni kwamba ilifaulu kwa sababu umma uliokasirika ulikuwa ndio pekee uliokuwa na sauti: wasomaji wa gazeti la Kiingereza. Wafugaji waliokuwa wakichunga katika uwanda huohuo hawakuandika barua, na hakuna aliyewaomba waandike.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha kila kitu. Uwanda uliokusudiwa kuwa mbuga uligeuzwa kuwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Wengine wangekata tamaa, lakini Cowie aliendelea kusukuma. Mwaka 1945 Sheria ya Mbuga za Kitaifa ilipitishwa, na Desemba 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ikatangazwa rasmi, ikiwa ya kwanza nchini. Cowie, aliyekuwa na umri wa miaka 37, aliteuliwa mkurugenzi wa mbuga zote, wadhifa alioushika hadi mwaka 1966.

WALIOONDOLEWA

Ardhi ya mbuga mpya, kilomita mraba 117, haikuwa tupu. Sehemu yake ilikuwa uwanda wa malisho ya pamoja ya Nairobi, ambako familia za Wasomali zilikuwa zimekaa na mifugo yao kwa miaka mingi, baadhi zikiwa za askari waliolitumikia jeshi la Waingereza. Kabla yao, Wamaasai walikuwa wakichunga humo, hadi mikataba ya mwaka 1904 na 1911 ilipowasukuma mbali na sehemu kubwa ya malisho yao. Ili mbuga iwe mbuga kwa maana ya sheria ya 1945, binadamu na ng'ombe walitakiwa kutoka.

Kwa Cowie na wenzake, hilo lilikuwa sharti la lazima. Waliamini kwamba nyika yenye mifugo haiwezi kubaki nyika. Waliotolewa waliona jambo jingine: wanyama walikuwapo kwa wingi pale pale walipokuwa wakichunga, na sasa wao ndio walioitwa waharibifu.

Baadaye elimu ya mazingira iliwapa wafugaji haki kwa kiasi fulani. Mbuga ya Nairobi ni ndogo, na nyasi zake zisipoliwa wala kuchomwa kwa mpango hurefuka na kukomaa. Nyumbu na pundamilia hupenda nyasi fupi na laini, ambako pia humwona simba kutoka mbali. Kwa hivyo mara nyingi wanyama walitoka mbugani na kwenda kulisha nje, katika uwanda wa Kitengela uliokuwa ukichungwa na Wamaasai. Ng'ombe aliyedhaniwa kuwa adui wa makao ya wanyama alikuwa, kwa kipimo kinachofaa, mmoja wa watunzaji wake.

UZIO WA PANDE TATU

Mchoro wa mbuga ya Nairobi ulikuwa na jambo moja la busara. Ua uliwekwa upande wa mji, lakini upande wa kusini uliachwa wazi, mpaka ukiwa Mto Mbagathi. Wanyama waliingia mbugani wakati wa kiangazi kufuata maji, na wakatawanyika uwandani mvua iliponyesha. Ili kuwavuta na kuwatunza wakati wa ukame, mabwawa yalichimbwa. Barabara zilichongwa, malango yakawekwa, na ada ikaanza kutozwa. Mkazi wa jiji aliweza kumwona simba na kurejea nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Mpango huo ulitegemea ahadi ambayo haikuandikwa mahali popote: kwamba ardhi ya kusini ingebaki wazi. Cowie aliiwahi mbuga, lakini hakuiwahi njia ya wanyama. Kadiri miaka ilivyosonga, ardhi ya Kitengela iligawanywa vipande, ikauzwa, ikajengwa nyumba na kuzungushiwa nyaya. Makundi yaliyokuwa yakihama kila msimu yalipungua. Karne hii ilipoanza, reli na barabara kuu nazo zilitafuta nafasi mbugani, na treni ya kisasa ya kwenda Naivasha, iliyozinduliwa mwaka 2019, inapita humo juu ya daraja refu.

Hata hivyo, mbuga ipo. Ni miongoni mwa makao muhimu ya vifaru weusi nchini, na ndipo mahali ambapo mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya ulimwengu. Bila mpaka wa mwaka 1946, ardhi hiyo leo ingekuwa mitaa, viwanda na maghala. Hakuna mji mkuu mwingine duniani wenye mbuga ya simba na vifaru inayopakana nao kwa ukaribu wa namna hiyo.

TSAVO NA FUNZO LA MAJI

Baada ya Nairobi, kazi ya Cowie ilikwenda mbio. Tsavo ilitangazwa Aprili 1948, ikafuatwa na Mlima Kenya mwaka 1949 na Aberdare mwaka 1950. Jina lake lilivuka mipaka. Filamu ya Waingereza iliyotolewa mwaka 1951, iliyotokana na juhudi zake, ilionyeshwa mbele ya familia ya kifalme jijini London. Mwaka 1961 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake.

Tsavo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 20,000, ilikuwa kinyume cha Nairobi. Ilipatikana kwa urahisi kwa sababu walowezi hawakuitaka: ilikuwa kavu, yenye vichaka vya miiba na mbung'o. Ni kawaida ya dunia kuwapa wanyama ardhi iliyokataliwa na wakulima. Lakini hata huko kulikuwa na wenyewe. Wawata, waliojulikana pia kama Waliangulu, walikuwa wawindaji hodari wa ndovu kwa upinde na mishale ya sumu tangu enzi. Mpaka wa mbuga uliwageuza kuwa majangili kwa siku moja. Katika operesheni kali ya kati ya miaka ya 1950, iliyoongozwa na walinzi wakuu wa mbuga akiwamo David Sheldrick, wengi wao walikamatwa na kufungwa. Biashara ya pembe ilipata pigo, lakini jamii nzima ilipoteza riziki yake.

Tsavo pia ilifundisha kwamba kutunza makao ya wanyama si kuwafukuza watu na kungoja. Watunzaji walihitaji maji ili wanyama wasambae na watalii wawaone. Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi, lilivuta ndovu kwa mamia. Ndovu wengi katika sehemu moja maana yake ni miti michache. Waliambua magome ya mibuyu, wakaangusha miti midogo, na vichaka vikaanza kugeuka uwanda wa nyasi.

Mabishano yakazuka kati ya waliotaka idadi ya ndovu ipunguzwe kwa bunduki na waliotaka nyika iachwe ijisawazishe yenyewe. Yalifikia kilele baada ya Cowie kuondoka madarakani, na ukame wa mwaka 1970 na 1971 ndio uliotoa uamuzi: ndovu kwa maelfu walikufa kwa njaa, wengi wakiwa majike na ndama. Somo lilibaki kwa kila mpangaji wa mbuga, iwe kubwa au ndogo. Ukichimba bwawa, ukipanda mti, ukiweka ua, umebadilisha mambo mengi kuliko lile ulilokusudia.

MBUGA ZARUDI MIKONONI MWA MABARAZA

Sheria ya 1945 ilikuwa na ngazi mbili. Mbuga za kitaifa zilikuwa zile ambazo binadamu haruhusiwi kuishi. Hifadhi za kitaifa, kama Amboseli, ziliwaachia wenyeji haki zao za kuchunga na kunywesha mifugo. Amboseli ndipo mvutano ulipokuwa mkali zaidi. Chemchemi zinazolishwa na maji ya Mlima Kilimanjaro zilikuwa uhai wa ng'ombe wa Wamaasai, na pia uhai wa ndovu na vifaru. Wasimamizi walitaka ng'ombe wapungue, nao Wamaasai walihofu kwamba mwisho wa mambo ungekuwa kama wa Nairobi.

Uhuru ulipokaribia, ilidhihirika kwamba mbuga zinazoonekana kuwa mali ya wageni hazingedumu. Mwaka 1961 Amboseli ilikabidhiwa baraza la wilaya la Kajiado, na Mara ikakabidhiwa baraza la Narok. Samburu ilifuata mkondo huo. Ada za malangoni sasa ziliingia katika hazina ya baraza, na mwenye ng'ombe akawa, angalau katika karatasi, mwenye simba pia.

Hapo ndipo chimbuko la mbuga za kaunti nchini Kenya lilipo, miaka 50 kabla ya ugatuzi. Matokeo yake hayakufanana. Maasai Mara, jirani wa Kisii upande wa Narok, ilikua kuwa mojawapo ya hifadhi zinazojulikana zaidi duniani, na leo ina kilomita mraba zipatazo 1,510 chini ya kaunti. Amboseli ilichukuliwa tena na serikali kuu na kufanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1974. Na katika maeneo yote kilio kimoja kilirudi mara kwa mara: fedha hufika makao makuu ya baraza, lakini hazifiki katika boma ambalo mtoto wake ameuawa na nyati au ng'ombe wake kuliwa na simba. Kukabidhi mbuga kwa serikali ya karibu ni hatua, lakini jirani wa ua asiponufaika, kilichobadilika ni mahali pa ofisi tu.

Cowie aliendelea na kazi kwa miaka mitatu baada ya uhuru. Mwaka 1966 alimpisha Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za kitaifa za Kenya. Tofauti na viongozi wengi wa kikoloni waliofunga virago mara moja, Cowie hakuivunjia nchi uhusiano. Katika miaka ya 1970 alilitumikia shirika la madaktari wa ndege la AMREF, akirejea katika taaluma yake ya kwanza ya hesabu. Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza, alikofia.

FUNZO KWA GUSII

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Hakuna Tsavo katika nchi hiyo, yaani hakuna ardhi ambayo hakuna anayeitaka. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hadi kipande cha kulima chai, migomba na mahindi kimekuwa chembamba kama ukanda.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya utawala wa kikoloni kuvunja maboma ya ng'ombe yaliyolindwa na vijana, yaliyoitwa ebisarate, malisho makubwa yalikuwa ya pamoja. Ardhi ya umma ilikuwa jambo la kawaida kwa Omogusii. Iliyobaki leo ni vilele vya milima, kingo za mito, maeneo oevu, viwanja vya mijini na misitu michache midogo. Safu ya Manga, inayotazama mji wa Kisii na ambayo siku ya anga safi humwonyesha mtu Ziwa Victoria kwa mbali, na vilima vya Kiabonyoru ambako Mto Gucha unaanzia, ni mahali pa aina hiyo.

Mahali hapo si lazima pawe na simba ili paitwe makao ya viumbe. Pana ndege, nyuki, vyura na miti ya asili, na juu ya yote pana maji. Tatizo kubwa la utunzaji wake linajulikana na kila mkulima: mikaratusi. Mti huo hukua haraka, huuzwa kwa kuni za viwanda vya chai na kwa nguzo, na kwa familia nyingi ndio karo ya shule. Lakini ukipandwa kwenye chemchemi hunywa maji bila huruma. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu. Agizo lilikuwa sahihi, ila aliyeambiwa ang'oe mti hakuambiwa karo atailipa kwa nini.

Hapo ndipo maisha ya Cowie yanapokuwa kioo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi. Kanuni za mazingira zinataka ukingo wa mto wa mita 6 hadi 30 uachwe bila kulimwa wala kujengwa. Vyombo vya kisheria vipo, ambavyo Cowie ilimbidi avipiganie kwa zaidi ya miaka kumi. Ambacho hakipo kwa wingi ni muda. Kila mwaka unaopita, kiwanja cha umma kisicho na hati wala mpaka kinazidi kuwa karibu na kumilikiwa na mtu binafsi.

Lakini haraka pekee haitoshi. Mpango unaochorwa ofisini na kumfikia mkulima ukiwa agizo la kuhama au kung'oa utakuwa umerudia kosa la mwaka 1946. Mwenye shamba linalopakana na chemchemi anapaswa kuketi kwenye kikao cha kwanza, kabla ramani haijachorwa. Miche ya asili inayotolewa badala ya mikaratusi iwe na thamani ambayo familia itaiona mapema: matunda, dawa, malisho ya nyuki. Ada ya lango la Manga, siku lango hilo litakapokuwapo, ijulikane kijijini ni kiasi gani na imefanya nini. Na kabla bwawa halijachimbwa au njia ya watalii haijakatwa, aulizwe anayejua maji yanakotoka na yanakokwenda, ili Gusii isijifunze kwa hasara yale Tsavo ilijifunza.

Mervyn Cowie aliacha nyuma mbuga zinazotembelewa na mamilioni ya watu, na pia jamii ambazo hadi leo zinasimulia jinsi zilivyotolewa. Upande wa kusini wa mbuga yake ya kwanza bado uko wazi, ingawa ni kwa sehemu tu, na wakati wa kiangazi wapo nyumbu na pundamilia wanaovuka Mbagathi kufuata maji kama walivyofanya alipokuwa mtoto. Wanapita katikati ya mashamba ya watu waliokubali kutoweka nyaya. Kibali hicho, ambacho Cowie hakukiomba, ndicho kinachoiweka mbuga hai.